Kurekodi kesi ya watoto mahakamani: kibali kwanza

Swali

Hamjambo ndugu. Mtu ana kesi ya watoto mahakama ya familia hapa England, hana wakili. Anaruhusiwa kurekodi kwa simu akasikilize vizuri nyumbani? Jaji huongea haraka, na huwezi kuandika huku unajibu maswali.

Jibu la 1

Kaka, asiguse simu kabla ya kuomba. Kifungu cha 9 cha sheria ya kudharau mahakama ya 1981 kinakataza kurekodi sauti bila kibali, na hata kuingia na kinasa sauti kwa nia ya kukitumia tayari ni kosa. Kifungo kinaweza kufika miaka 2. Ila kifungu hichohicho kinampa jaji uwezo wa kuruhusu. Wengi hapo ndipo wanapopotea: wanadhani jibu ni hapana tu, basi wanarekodi kimyakimya mfukoni.

Ombi liende mapema, kwa fomu C2 kama kesi imeshafunguliwa. Jaji atapima kama kuna haja ya kweli, kama rekodi inaweza kutumika kuwafundisha mashahidi waliosubiri nje, na kama chombo kitasumbua. Basi ombi liyajibu hayohayo. Maneno ya "nataka haki itendeke" hayasaidii. Aseme ana shida ya kusikia, au hawezi kuandika kwa kasi (kama kuna barua ya daktari, aiambatishe). Chombo ni kinasa sauti kidogo kisicho na intaneti, kitakaa juu ya meza. Atasikiliza yeye peke yake. Ataifuta rekodi kesi ikiisha. Simu ni chaguo baya, kwa sababu inaweza kurusha sauti nje palepale na jaji analijua hilo.

Akipewa kibali, masharti ayasome neno kwa neno. Kesi za watoto husikilizwa faraghani, na sheria ya usimamizi wa haki ya 1960 inalinda yanayosemwa mle. Kuitupia rekodi kwenye WhatsApp ya ukoo ni kosa jipya kabisa.

Jibu la 2

Naongezea: mara nyingi rekodi yake mwenyewe haihitajiki. Mbele ya jaji, mahakama inarekodi yenyewe. Unaomba nakala ya mwenendo wa kesi kwa fomu EX107, na kwa kuwa kesi ni ya faragha, jaji lazima aidhinishe. Siku ya kesi andika namba ya shauri, jina la jaji, chumba, saa mliyoanza na saa mliyomaliza, pamoja na dakika hukumu ilipoanza kusomwa. Bila hizo sauti inatafutwa kama sindano kwenye majani.

Gharama ndiyo inayoumiza. Wanatoza kwa folio, yaani kipande cha maneno 72. Saa moja ya mazungumzo ni kama maneno 9,000, yaani folio 125. Kwa hiyo omba hukumu peke yake, siyo siku nzima. Asiye na uwezo ajaze EX105 kuomba serikali ilipe; jaji atataka kujua nakala ni ya nini, mfano rufaa.

Tahadhari: kesi ikisikilizwa na mahakimu wasio wanasheria, kwa kawaida hakuna rekodi. Hapo msindikizaji asiye wakili, yule wanayemwita rafiki wa McKenzie, ni wa thamani kubwa, maana anaruhusiwa kuandika yanayosemwa.

Jibu la 3

Shikamooni wakubwa. Kwa wanaotumia mkalimani: nakala hiyo huandikwa Kiingereza tu. Mkalimani akikosea Kiswahili, kosa halionekani kwenye karatasi. Ukisikia "custody" (hapa ni malezi ya mtoto) imegeuzwa kuwa "mahabusu", inua mkono hapohapo, mwambie jaji, omba iingie kwenye kumbukumbu. La sivyo, baadaye itabidi uombe kibali cha kusikiliza sauti yenyewe.

Kesi za video nazo zisiwadanganye. Kubonyeza kitufe cha kurekodi skrini ukiwa sebuleni kwako ni kosa vilevile, na picha ya skrini usipige.

Halafu wapo wanaohamishia kinasa sauti kwa mtoto. Mwaka 2016 Jaji Peter Jackson alikuwa na kesi ambayo vinasa sauti vilishonwa ndani ya nguo za shule za binti ili kunasa mazungumzo yake na maafisa ustawi. Baba aliyehusika ndiye aliyepoteza: binti alipelekwa kuishi kwa mama.