Naomba ushauri: daktari ameniomba nikamilishe maelezo ya mgonjwa wa wiki iliyopita

Karani wa Makole (mleta mada):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika hospitali binafsi hapa Dodoma, ambayo naomba nisiitaje. Kazi yangu ni kukaa chumbani na daktari na kuingiza kwenye mfumo yale anayoyatamka anapomhudumia mgonjwa: malalamiko, historia, alichokiona alipompima, vipimo alivyoagiza na dawa alizoandika. Daktari wangu ni mtu mzima, macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo mimi huchapa na yeye hupitia na kuthibitisha. Juzi aliniomba nirudi kwenye maelezo ya mgonjwa wa wiki iliyopita, niongeze mstari mmoja uliosahaulika. Je, karani anaruhusiwa kuuliza, au wajibu wake unaishia kwenye kuandika anachotamkiwa? Sijapata usingizi tangu siku ile.

Zabibu Nyeupe:
Pole, kaka. Mimi nilikuwa karani wa masijala kwa miaka kumi na mmoja, na barua ilipotoka na kosa aliitwa aliyesaini, hakuitwa aliyechapa. Kama daktari ndiye anayethibitisha, mzigo ni wake. Lala.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya mstari uliosahaulika. Mstari huo unasema nini?

Karani wa Makole:
Shikamoo, mama. Unasema: "Ameulizwa kuhusu mzio wa dawa, amekana." Mgonjwa, mama mmoja, alikuja na maumivu ya koo, akaandikiwa amoksilini, na usiku uleule alirudishwa uso umevimba, vipele mwili mzima na pumzi imembana. Alilazwa, akatibiwa, na naomba ieleweke kwamba amepona.

Mtoto wa Kondoa:
Umenikumbusha marehemu mama yangu. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii, lakini faili lilisema "miguu haina uvimbe", kwa sababu aliyeandika alinakili maelezo ya hudhurio lililotangulia bila kubadilisha neno. Daktari wa zamu ya usiku aliliamini faili, na sisi tuliosimama pale tukionyesha miguu kwa vidole tukaonekana wasumbufu. Sitaki kuendelea, ila ninyi mnaochapa mjue kwamba mgonjwa hushindana na maandishi yenu, na mara nyingi hushindwa.

Mzee wa Nzuguni:
Kalamu ni amana, kijana. Aliyekuajiri anaweza kukufukuza, lakini Mungu aliyekupa mkono wa kuandika atakuuliza uliutumiaje. Uongo ulioandikwa ni mbaya kuliko uliosemwa, maana wa mdomo husahaulika.

Nesi Mstaafu:
Hujanijibu lililo kubwa, mwanangu. Aliulizwa kweli?

Karani wa Makole:
Hakuulizwa. Alisema mwenyewe, na aliniambia mimi. Alipokuwa anakaa kitini, daktari akiwa kwenye simu, alisema kwamba zamani kwao alichomwa sindano za PPF zikamvimbisha uso. Sikuandika, kwa sababu nimezoea kuandika anachosema daktari, nilidhani atamwuliza, na sikujua kwamba PPF ina uhusiano na amoksilini.

Na ili niseme yote, mstari ule nilishauandika Jumanne kwa nywila ya daktari, kama tunavyofanya kila siku. Naomba mnielewe. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii, wadogo zangu wawili wanasoma kwa mshahara wangu, na mgonjwa alikuwa ameshapona nilipouandika. Mstari ule haujamdhuru mtu.

Jicho la Bahi:
Wanajukwaa, mimi naona tunasimuliwa hadithi. Nimehudhuria hospitali za mji huu tangu kabla ya serikali kuhamia, na sijaona daktari mwenye mtu wa kumwandikia chumbani. Kazi hiyo naisikia Marekani. Tena kila anapoulizwa, kisa kinaongezeka: kwanza mstari, kisha uvimbe, kisha PPF, sasa nywila. Kwa nini hakusema yote mwanzoni?

Zabibu Nyeupe:
Hata mimi nimeanza kusita. Niliambiwa ni mstari tu, nikamwambia alale.

Karani wa Makole:
Sikusema kwa sababu naona aibu. Kama mnataka uthibitisho, nina picha ya ukurasa ule kwenye simu yangu. Naweza kuiweka hapa nikifunika jina.

Mwanasheria wa Kikuyu:
Tafadhali usiiweke. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kufunika jina hakutoshi: tarehe, umri na ugonjwa vinaweza kumtambulisha mtu kwa majirani zake. Jukwaa likikuita mwongo, bora uitwe hivyo kuliko kumweka hadharani mama wa watu kwa mara ya pili.

Kwako Jicho la Bahi, kisa kiwe cha kweli au cha kutunga, jibu ni lilelile. Maelezo ya mgonjwa hayasahihishwi kwa kufuta wala kwa kuchomeka maneno yaonekane ya siku ile. Huongezwa maelezo mapya yenye tarehe ya leo, saa na jina la anayeandika, yakieleza ni nini kilichokosewa. Mfumo mzuri huhifadhi saa ambayo kila badiliko lilifanywa na nywila iliyotumika, kwa hiyo utakapokaguliwa utaonyesha kwamba daktari mwenyewe aliingiza mstari ule baada ya mgonjwa kudhurika. Umedhani unamlinda, lakini umemwandikia ushahidi dhidi yake. Na kuanzia kesho omba nywila yako mwenyewe.

Karani wa Makole:
Nikiandika hivyo nitakuwa nimemshtaki mtu aliyenilea kikazi, na nitakuwa nimekiri kwamba nilisikia nikanyamaza.

Nesi Mstaafu:
Ndiyo, utakuwa umekiri. Lakini usianzie kwenye kompyuta. Mfuate daktari kabla hajaita mgonjwa wa kwanza, mwambie uso kwa uso. Yeye anajua kwamba hakumwuliza yule mama, lakini hajui kwamba wewe uliambiwa, na huenda akijua hatakubali mstari ule ubaki. Akikataa, nenda kwa mganga mfawidhi.

Lakini lipo jambo linalonisumbua kuliko yote mliyoyajadili. PPF ni penisilini, na amoksilini ni ya ukoo huohuo. Sasa hivi, katika faili la mama huyo, sehemu ya mzio inasomekaje? Na yeye mwenyewe ameambiwa nini?

Jicho la Bahi:
Swali hilo nalisubiri hata mimi.

Karani wa Makole:
Mama, nimetoka kumpigia nesi wa wodi. Sehemu ya mzio bado imeandikwa "Hakuna". Mgonjwa aliruhusiwa jana jioni, akaambiwa kwamba dawa ilimkataa, lakini hakutajiwa jina la dawa wala hakupewa karatasi ya kuonyesha kwingine. Namba yake ya simu iko mapokezi. Daktari hufika saa moja na nusu asubuhi. Mimi nitakuwa mlangoni kwake tangu saa moja.