Hivi akina mama wa Wajir waliwezaje kutuliza vita vya koo?

Jamani naomba kueleweshwa, nasikia miaka ya 90 mwanzoni Wajir, kule kaskazini mashariki mwa Kenya, koo zilikuwa zinauana, halafu walioanza kutuliza ni akina mama wa kawaida tu. Bunduki hawana, cheo hawana, walianzia wapi?

BintiSoko:
Walianzia sokoni ndugu yangu. Ilifika mahali mama wa ukoo huu hauziwi kitu na wa ukoo ule, sasa wakakaa wakakubaliana soko ni la wote na wakaweka kamati yao ya kuangalia nani anabaguliwa, ugomvi ukitokea wanaumaliza palepale kabla haujafika kwa wenye silaha. Dekha Ibrahim Abdi alikuwa mmoja wao, 2007 akapewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, akafariki 2011, Mungu amrehemu.

Mdadisi:
Ila wazee tusiwasahau, azimio la Al Fatah la 1993, yale makubaliano ya amani kati ya koo, ni la wazee wa koo.

BintiSoko:
Sawa kaka, lakini hao wazee nani aliwafuata mpaka wakakaa pamoja? Akina mama wakavuta na vijana, 1995 ikaundwa kamati ya amani na maendeleo ya wilaya na serikali ikiwa ndani. Kwangu hiyo ni kubwa kuliko tuzo yoyote, maana ukame ukija watu wakigombea malisho na visima tayari kuna pa kwenda.

Muuliza:
Asante dada. Kwingine waliiga?

BintiSoko:
Ndiyo, kamati za amani za wilaya nyingi Kenya zimetokana na mfano huo.