Kipupwe kimebisha hodi Mwanza: tupeane uzoefu wa vijimambo vinavyotupumzisha

Mhesabu_Taa

Wakuu habari za jioni.

Nimepanga huku Igombe, ukishapita uwanja wa ndege, mwaka wa tatu sasa. Kazi yangu ni kufunga vitabu vya hesabu vya watu, na anayefanya kazi hizo anajua Juni ilivyo: mwaka wa fedha unaisha tarehe 30, na kila mtu anatafuta risiti aliyoipoteza tangu Septemba. Julai ikiingia ndipo napumua, na bahati nzuri inaingia na baridi yake. Mchana jua linawaka kama kawaida, ila usiku mbingu inakuwa nyeupe bila wingu, joto lote linapaa zake, alfajiri unakuta nyuzi 15 au 16. Najua kuna watu wa nyanda za juu watacheka. Chekeni, sisi huku kwa nyuzi 16 tunavaa makoti ya mtumba ya Mlango Mmoja, yale yenye manyoya kwenye kofia.

Sasa nitoboe siri. Jioni nikishakula nakaa barazani na chai ya tangawizi, nahesabu taa za wavuvi wa dagaa. Basi. Nahesabu tu, na nina daftari. Wiki iliyopita, kabla mwezi haujajaa, siku moja 38, kesho yake 44. Mke wangu anasema mume wa jirani anashinda kwenye kibanda cha mpira, wa jirani mwingine anakunywa, wake anahesabu taa, na hajui aende kushtaki kwa nani.

Naamini siko peke yangu. Wewe kipupwe hiki unatuliza akili na nini? Sitaki mambo ya miradi wala fursa, nyuzi za hivyo zimejaa. Nataka kile kitu chako kidogo ambacho ukimwambia mtu anakuuliza "halafu?"

---

Kulala_Ndo_Mpango

Mimi kulala. Nimemaliza.

---

Mnyalu_Og

Nyuzi 16 ndiyo baridi? Mkuu, njoo Makete mwezi huu uone majani asubuhi yalivyo meupe kwa sakitu, halafu urudi hapa ufute uzi.

---

Mama_Michembe

Mnyalu hukukosea, ulitajwa kabla hujafika 😂

Mimi niko Kisesa. Jambo langu ni michembe. Najua inauzwa sokoni na ningeweza kununua, lakini kwangu kile kitendo cha kukata viazi ndicho mapumziko. Kiangazi kama hiki viazi vimeshachimbwa, jua kali, mvua hakuna, na mungu alitupa mawe bure. Nachukua kisu changu kimoja, kimeshalika mpaka kimebaki chembamba kama mkia wa panya, hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Namenya, nakata vipande vyembamba, naanika juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba. Jua likishalipasha lile jiwe, kiazi kinakauka juu na chini kwa pamoja. Siku tatu, nne, kikivunjika "ka!" ujue tayari.

Nilipoolewa mwaka wa kwanza mama mkwe aliniangalia nikikata, akanyamaza. Kesho yake akaniangalia tena, akanyamaza. Siku ya tatu akasema, "Mwanangu, hivi unavyokata ni vya kujengea?" Vilikuwa vinene. Katikati vikabaki na unyevu, vikaota ukungu, karibu debe zima tukawapa nguruwe wa jirani. Siku hizi yeye macho yamefifia, anakaa kwenye mkeka pembeni, nikikata anasikiliza tu mlio wa kisu. Nikikata kinene anajua. "Hicho kinene." Sijui anafanyaje.

Kwa ambao mnachanganya: michembe ni kiazi kibichi kimekatwa kikaanikwa, matobolwa kinachemshwa kwanza. Mie matobolwa sina uvumilivu nayo, watoto wanamaliza kabla hayajakauka.

---

Mhesabu_Taa

"Vya kujengea" 😂😂 Mama mkwe hana dogo. Unapikaje dada?

---

Mama_Michembe

Naosha, naloweka kidogo, nachemsha mpaka vilainike, halafu karanga zilizotwangwa juu. Sukari usiweke, utaharibu. Asubuhi ya baridi na chai ya rangi, hata simu hutaisikia ikiita.

---

Ticha_Mstaafu

Habarini wanangu. Nilifundisha shule za msingi miaka 34, sasa nipo Mabatini, nyumba yangu imekaa kati ya mawe kama kuku aliyeatamia. Jambo langu mimi ni mijusi.

Msicheke kwanza. Ni wale wenye kichwa na mabega mekundu kama waridi, chini buluu, watoto wanawaita Spider-Man. Wataalamu wanawaita *Agama mwanzae*, jina limetoka kwenye mji wetu huu huu. Watu wanapanda ndege kuja kuwapiga picha, sisi tunawatupia mawe.

Juu ya jiwe linalotazama dirisha langu kuna dume mmoja. Nimemwita Mheshimiwa. Kila asubuhi nakaa na kahawa yangu na kuandika saa anayotoka. Mwezi Machi alikuwa anatoka saa moja na nusu. Sasa hivi haonekani mpaka saa mbili na nusu, siku nyingine saa tatu kasorobo, kwa sababu mjusi mwili wake hautengenezi joto la kumtosha, lazima alikope kwa jua. Anapotokeza amefifia, rangi ya kahawia tu, mzito, hata nzi akitua karibu hamjali. Analala kifudifudi, tumbo limegandamana na jiwe. Basi polepole buluu inaanza mkiani inapanda, na wekundu unakolea kichwani. Inachukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa na nusu. Rangi ikishakamilika anaanza kupiga "push-up" zake kuwatangazia madume wengine kwamba jiwe hili lina mwenyewe.

Wiki iliyopita kuna dume kijana alipanda. Walipigana kwa mikia, mlio unasikika kabisa, pa, pa. Nilisimama dirishani na kahawa yangu ikapoa. Mheshimiwa alishinda, ila amepoteza ncha ya mkia.

Mke wangu Mungu amrehemu ndiye aliyekuwa anapenda kuwaangalia. Mimi enzi hizo nilikuwa nasahihisha madaftari.

---

Mhesabu_Taa

Shikamoo mwalimu. Pole sana kwa mama. Na kumbe tuko wawili wenye daftari.

---

Ticha_Mstaafu

Marahaba. Ukipata nafasi vuka uende Saanane, pale karibu na Capri Point. Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini. Asubuhi ya baridi pimbi nao wanaota jua juu ya mawe, wamebanana kama abiria wa daladala ya Igoma.

---

Dada_wa_Tampere

Jamani mmenipata. Nimezaliwa Kirumba, nimekulia Kirumba, sasa nipo Tampere, Ufini, nauguza wazee. Leo nasoma uzi huu saa tano usiku na nje bado kweupe, nasoma bila taa. Ila hilo ni deni, linalipwa Desemba. Desemba jua linachomoza karibu saa nne kasoro robo asubuhi na saa tisa alasiri limezama. Ukiingia zamu asubuhi ni giza, ukitoka ni giza. Mwaka wa kwanza nilidhani naumwa. Nilikuwa nalia nikiona picha ya embe.

Siku moja Januari wenzangu wakanipeleka ziwani. Ziwa linaitwa Näsijärvi. Sikuona ziwa, niliona uwanja mweupe na watu wanatembea juu yake, mzee mmoja ameketi kwenye kigoda katoboa shimo anavua samaki. Waliniambia barafu ngumu ya sentimita 5 inabeba mtu mmoja, na pale ilikuwa nene zaidi ya hapo. Eti maji yakifika nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, yanazama, yale ya baridi zaidi yanabaki juu na kuganda, na samaki wanaendelea na maisha yao chini. Nikakanyaga. Mtoto wa Kirumba, niliyefundishwa kwamba ziwa halizoeleki, nimesimama katikati ya ziwa na viatu.

Nikampigia baba. Nikamwambia, "Baba, nimesimama juu ya ziwa." Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, aliyefanya hivyo mmoja tu, na wewe humo."

Jambo langu dogo ni kufuma soksi za sufu. Bibi mmoja ninayemhudumia alinifundisha, hatuelewani lugha vizuri lakini nikikosea ananipiga kikofi cha mkono tu, naelewa. Mwaka jana tangu Novemba mpaka Machi nilimaliza jozi sita. Moja nilimtumia baba. Nimeletewa picha kazivaa na kandambili, yuko Mwaloni, kapozi mbele ya magunia ya dagaa.

---

Kulala_Ndo_Mpango

"Na wewe humo" 💀 Nimeamka kwa ajili ya hii.

---

Baba_Mapacha

Nitoe langu, halifurahishi sana lakini mwezi wake ndio huu.

Kipupwe cha 2019 tulikuwa tumepanga chumba na sebule Buhongwa. Mapacha walikuwa na miezi minane. Mke wangu alipomaliza kupika tukaona mkaa bado mwekundu, tukaingiza jiko ndani lipashe chumba, tukafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga. Raha mustarehe. Nilijisifu hata, nikasema wenye mahita wana nini cha kutuzidi.

Usiku nikaamshwa na kichwa, kama kimefungwa waya. Nikataka kusimama, miguu haipo. Mke wangu namwita anaitika kwa mbali. Kilichotuokoa ni mtoto mmoja aliyelia bila kunyamaza mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga, na aliposikia tunajibu kilevi levi akaita vijana wakasukuma mlango. Tulilazwa siku mbili. Daktari akatueleza kwamba mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Unasinzia tu. Mkaa usiotoa moshi ndio tunaouamini, kumbe ndio huo huo.

Tangu hapo jiko langu linalala nje hata kama ni barafu. Na jambo langu dogo ni hili: saa tano usiku nazunguka nyumba nzima naangalia madirisha, nafungua kila moja upana wa vidole viwili. Mapacha sasa wamekua, wananisindikiza na tochi, wanahesabu kwa sauti. Madirisha saba. Wao wanadhani ni mchezo.

---

Mama_Michembe

Mungu ni mwema. Nimetoka kulitoa jiko langu nje sasa hivi, kweli tena.

---

Mnyalu_Og

Mkuu hapo umesema. Huku kwetu kila mwaka tunasikia. Mimi naacha utani.

---

Mjomba_Bajeti

Nyie mna raha. Kwangu kipupwe ni kadi za michango ya harusi. Nina nne mezani, na hobi yangu ni kuzigeuza zitazame ukutani.

---

Karabai

Salaam. Mimi kwa kawaida sionekani humu, leo nipo kwa sababu mwezi ni mpevu. Sisi wa dagaa mwezi ukijaa hatuna kazi, taa zetu hazina maana, dagaa hawazifuati. Kwa hiyo likizo yetu haitolewi na bosi, inatolewa na mwezi. Siku kama kumi tunashona nyavu, tunaziba mitumbwi, tunacheza drafti kwa vizibo vya soda.

Mhesabu_Taa, nimesoma uzi wako kaka nikacheka peke yangu, kwa sababu mimi navua hapo hapo Igombe. Moja ya hizo taa ni mimi. Ila unahesabu vibaya. Taa si mtumbwi. Mtumbwi mmoja tunashusha taa kadhaa, kila moja kwenye chelezo chake, zinaachwa zimeelea mpaka dagaa wajikusanye, ndipo tunazivuta moja moja na wavu unafuata. Sisi tuna taa sita. Kwa hiyo 44 zako ni kama mitumbwi saba, usiandike kwenye daftari kwamba ziwa limejaa watu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, unasikia zinavyounguruma. Sasa wengi ni taa za betri na sola, kimya.

Jambo langu dogo: alfajiri ya Julai upepo unakata masikio, natumbukiza mikono yote miwili ziwani mpaka kiwiko. Maji ni ya moto kuliko hewa. Ukiyatoa ni kama umevua koti. Huwa natumbukiza kwa dakika nzima, wenzangu wananiuliza nimeangusha nini.

---

Mhesabu_Taa

Karabai! Yaani miaka mitatu nimekuhesabu na hatujasalimiana. Sasa nitagawanya kwa sita.

---

Dada_wa_Tampere

Karabai umeniliza na hayo maji. Ukitumbukiza tena, tumbukiza na kwa niaba yangu.

---

Karabai *(siku tisa baadaye)*

Mwezi umekwisha, giza limerudi, tunashuka majini saa moja. Dada, nimekusikia. Mhesabu, leo yetu ni upande wa kulia kabisa, moja ina mwanga wa manjano, betri yake imechoka. Kaa vizuri.

---

Mhesabu_Taa *(usiku huo huo)*

52. Ya manjano nimeiona. Mke wangu ametoka na blanketi, anasema anaiona na yeye, ila anadai ni 53.