Je, sura ya mwigizaji aliyekwisha kufa ni mali ya warithi wake?

Mtoa mada:
Wapenzi wa filamu za kutisha za zamani, ambao hununua kwa bei kubwa majalada ya katuni na majarida yenye nyuso za Bela Lugosi na Boris Karloff, huligusa suala hili juu juu tu: uso wa mwigizaji ukichorwa na kuuzwa baada ya mwenyewe kufariki, ni nani mwenye haki ya kuruhusu, kukataa na kulipwa?

Kesi iliyozaa mzozo huu ni ya Lugosi. Aliigiza Dracula, mnyonya damu wa hadithi, katika filamu ya kampuni ya Universal ya mwaka 1931, akafariki Agosti 1956 akiwa hana mali ya kutajika, na kuanzia 1960 kampuni hiyo ikawa inawauzia wafanyabiashara leseni za kutengeneza bidhaa zenye sura ya Dracula. Wapo waigizaji wengine waliovaa joho la Dracula katika filamu za Universal, wakiwemo Lon Chaney Mdogo na John Carradine, lakini mahakama iliyosikiliza ushahidi iliridhika kwamba sura iliyokuwa ikiuzwa ni ya Lugosi. Mjane wake na mwanawe walishinda katika ngazi hiyo. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California ikautengua ushindi wao, ikisema kwamba haki ya mtu kunufaika na jina na sura yake ni yake binafsi, na asipoitumia kibiashara akiwa hai, haiwafikii warithi.

Kwa maoni yangu hukumu hiyo ilikosea. Mantiki yake ni kwamba mwigizaji aliyeshughulika na sanaa yake tu huwaachia wanawe mikono mitupu, ilhali mwenzake aliyefungua duka la fulana zenye picha yake anaweza kuwaachia urithi. Jaji Mkuu Rose Bird aliwapinga wenzake, na Bunge la jimbo halikukawia: sheria iliyoanza kutumika 1985 iliwapa warithi miaka 50 tangu kifo, ambayo baadaye iliongezwa kuwa 70. Kwa Lugosi, hesabu hiyo inafikia ukomo mwaka 2026.

Mfano wa Karloff ni tofauti. Yeye aliuingiza uso wake katika biashara ya katuni angali hai: tangu miaka ya mwanzo ya sitini kampuni ya Gold Key ilichapisha mfululizo wa hadithi za kutisha uliobeba jina lake. Alifariki Februari 1969, na mfululizo huo ukaendelea kuchapishwa kwa jina lake hadi 1980.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mtoa mada, hoja yako inamtaja mwigizaji na kampuni, lakini mchoraji umemwacha nje. Dracula ni mhusika wa riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, na Lugosi alikuwa mmoja tu wa watu walioajiriwa kumwigiza. Jaji Mosk, aliyeafikiana na uamuzi wa 1979, alisisitiza jambo hilo. Sasa tazama katuni. Mwaka 1971 kanuni za udhibiti wa katuni Marekani zililegezwa, wanyonya damu wakaruhusiwa tena, na mwaka uliofuata Marvel ikaanza kuchapisha *The Tomb of Dracula*. Gene Colan, mchoraji wake, alimpa Dracula uso wa Jack Palance, na alifanya hivyo kabla Palance hajaigiza nafasi hiyo katika filamu ya televisheni. Je, tungetaka Colan aombe kibali kwanza? Na Basil Gogos, aliyewachora Karloff na Lugosi kwa rangi za kijani, nyekundu na zambarau kwenye majalada ya jarida la *Famous Monsters of Filmland*, alikuwa mwizi wa nyuso? Wengi wetu tuliwafahamu waigizaji hao kwa brashi yake kabla ya kuziona filamu zenyewe.

Mchangiaji wa pili:
Mimi napinga muda tu. Miaka 70 inamnufaisha kitukuu ambaye hakuwahi hata kumwona marehemu. New York, katika sheria yake ya mwaka 2020, iliona miaka 40 inatosha.

Mtoa mada:
Kuhusu muda nakubali, 40 ni mingi ya kutosha. Kuhusu mchoraji, mahakama zenyewe zimekwisha kutoa kipimo ambacho nakiona cha haki. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya California ilimnyima ushindi Gary Saderup, aliyeuza fulana zenye picha ya mkaa ya wachekeshaji The Three Stooges, kwa sababu mchoro wake, pamoja na ustadi wote, uliwanakili walivyo bila kuongeza jambo jipya. Miaka miwili baadaye mahakama hiyohiyo iliipa ushindi DC Comics dhidi ya wanamuziki Johnny na Edgar Winter, ambao katuni moja iliwageuza kuwa viumbe nusu mtu, nusu mnyoo. Kwa kipimo hicho, Dracula wa Colan angepita bila shida. Gogos yuko karibu zaidi na mstari, ingawa naamini rangi zake zingemwokoa.

Asiyestahili kuokoka ni yule anayenakili uso mzima kwa kompyuta na kuufanya uigize upya. California ilitunga sheria mwaka 2024 inayodai idhini ya warithi kabla ya kutumia nakala ya kidijitali ya marehemu katika filamu, na kwangu hilo ndilo eneo ambalo haki ya familia inapaswa kuwa kali, kwa sababu jalada lililochorwa halimdanganyi mtazamaji kwamba Lugosi alikubali nafasi hiyo. Ndugu mchangiaji wa kwanza, je, hata hapo ungesimama upande wa mtengenezaji?