Mrejesho: karata ya ziada na onyo la refa

Assalaam alaykum. Wiki iliyopita niliuliza: kwenye mashindano yetu ya Magic: The Gathering, mchezo wa karata, hapa Vikokotoni nilivuta karata mbili badala ya moja. Refa akanipa onyo, kisha akamwambia mpinzani atazame karata zangu zote za mkononi achague ipi irudi. Nikahisi nimedhulumiwa.

Juzi baada ya magharibi nilimfuata refa mwenyewe barazani, kahawa mkononi. Hakusema mengi. Alishika karata saba, akachomeka ya nane katikati. "Haya, ya ziada ipi?" Nikanyamaza. Ikishachanganyika na nyengine haijulikani tena, na mkosaji haachiwi kuchagua kwa sababu atarudisha ile mbovu. Basi mwenzake ndiye anayechagua, nayo inachanganywa kwenye rundo la kuvutia karata. Mliosema hivyo mlikuwa sawa. Aliyenishauri nikate rufaa, ahsante, lakini hapana.

Kumbe onyo si kuitwa mwizi. Kudanganya ni kosa jengine kabisa: refa lazima aridhike kuwa umekusudia, na hapo hakuna onyo, unatolewa mashindanoni. Kilichonitia aibu ni kuwa mpinzani ndiye aliyenyanyua mkono kumwita refa, si mimi.

Chanzo chenyewe? Vifuko vya plastiki tunavyovalisha karata vilinatana. Joto la kaskazi, na mie nilikuwa nimetoka kula urojo, mikono nimeifuta kwenye suruali tu. Nimenunua vifuko vipya. Na sasa kila karata naiweka kifudifudi mezani kwanza, naitenga kwa kidole, ndipo naitia mkononi.