Ameipangusa Franklin yangu na FULANA!!!

Wakuu, nimetoka maonyesho ya sarafu sasa hivi, niko kwenye gari, mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa miwani mitatu shingoni, meza ya kona.

Nimempelekea nusu dola ya Marekani ya 1961, ile ya Franklin, prufu (iliyogongwa maalumu kwa wakusanyaji), dabo dai upande wa kengele, yaani maandishi yamejirudia tangu kwenye muhuri wa kuigongea. E PLURIBUS UNUM imejirudia waziwazi, ncha za herufi zimepasuka kama ulimi wa nyoka. Hakugusa hata lenzi. "Dabo ya mashine hiyo, si dabo dai." Kisha akaitoa kwenye kasha AKAIPANGUSA NA FULANA. Fulana aliyotoka kulia kuku!

Dabo ya mashine hutokea muhuri ukicheza wakati wa kugonga sarafu: herufi inaparuzwa ubavuni, inabaki bapa kama kidaraja, inakonda. Yangu IMENENEPA, kwa sababu muhuri wenyewe ulikandamizwa zaidi ya mara moja ulipotengenezwa, na safari moja haukukaa sawa. Kipofu angeipapasa akajua.

Uso wa prufu ni kioo, wakuu. Sasa ni kama njia ya ng'ombe mia wakienda mtoni. Kwa fulana! Mbele ya mwanangu!

Kengele_Mbovu: Sasa ulimkabidhi ya nini? Yangu hata mke wangu haigusi.

Babu Sumni: Picha iko wapi? Seti za prufu za 1961 ni zaidi ya milioni 3, na kila mtu humu yake ni dabo.

Mleta uzi: Picha nipige na mikono ipi? Amepangusa pande ZOTE MBILI. Akapuliza na mate!

MamaShaba: Afadhali wewe. Mimi nimeuziwa senti 5 ya Mwalimu ya 1966, eti prufu. Kufika nyumbani inanuka ndimu! Imesuguliwa na majivu, pembe zote 12 zinameta kama sufuria ya shughuli.

Kengele_Mbovu: Huyo wa ndimu!! Mimi aliniuzia senti 20, mbuni ana tundu la mkufu shingoni limezibwa kwa risasi.

MamaShaba: Kofia ya kijani?

Kengele_Mbovu: Huyo huyo. Risiti hatoi.

Mleta uzi: Jamani, FULANA.

Babu Sumni: Mkuu tumekusikia. MamaShaba, ulimlipa ngapi?