Fundi kakata waya wa kupasha sakafu, sasa bafu la bi mkubwa Lushoto linapiga shoti

Wakuu salaam. Niwieni radhi kwa lugha nitakayotumia, nina hasira na usingizi haujanipata vizuri. Na kabla hamjaanza: ndiyo, naishi Tanga mjini, najua hapa kuna joto, na hapana, sijaweka sakafu ya moto Chumbageni. Nyumba iko Lushoto, upande wa Magamba. Anayebisha apande akaoge kule alfajiri ya mwezi wa saba, akirudi anicheke vizuri. Wajerumani waliojenga mji ule na kuuita Wilhelmsthal hawakufuata matunda damu, walikuwa wanalikimbia joto letu hili hili la pwani.

Bi mkubwa ana baridi yabisi ya magoti. Maji ya moto anayo, shida ni sakafu. Akikanyaga marumaru asubuhi, baridi inapanda mpaka kiunoni, anashinda amekaa. Ndugu yetu mmoja aliyewahi kuishi Uingereza ndiye aliyetuambia kuna mkeka wa umeme unaotandikwa chini ya marumaru. Ni wavu wa plastiki ulioshikizwa waya mwembamba wa kupasha moto, unalazwa kwenye gundi, marumaru zinakuja juu, hakuna kinachoonekana. Bafu ni mita mbili kwa tatu, ila chini ya choo na kabati hautandikwi, kwa hiyo tukachukua wa mita za mraba nne. Wati 150 kwa kila mita, jumla 600. Pasi ya nguo inakula zaidi ya hapo.

Duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini likatuagizia, na likatupa na fundi. "Huyu ni wetu, kafunga mahoteli." Haya. Nikamlipa nusu, nauli mpaka Mombo, na ya kupandia mlima kupitia Soni. Sisi watu wa Tanga tunajulikana kwa waja leo waondoka leo, huyu bwana aliichukua kama ratiba ya kazi.

Ndani ya boksi kuna kitabu cha maelekezo. Kimejaa picha, hakihitaji Kiingereza. Kuna mkasi unakata wavu, umewekewa vema. Pembeni kuna mkasi uleule unakata waya, umepigwa msalaba mwekundu mkubwa. Yaani wavu unakatwa, waya haukatwi. Mkeka ukifika ukutani unakata wavu peke yake, unaugeuza, unarudi nao upande wa pili. Ukibaki, unautafutia nafasi, na ukikosa nafasi unasimama unampigia mwenye nyumba simu. Fundi wetu alifika ukutani, akaona mkeka umezidi, akachukua koleo akakata kama mtu anayepimiwa kitenge Ngamiani.

Nimejuaje? Nimepanda Lushoto, nakuta uani nguo zimeanikwa kwenye kamba mpya ya bluu, imekazwa kutoka mparachichi mpaka nguzo ya jiko. Nikaisogelea. Mwisho wake una kile kifundo cheusi cha kiwandani kinachoziba ncha ya waya wa mkeka.

"Mama, hii kamba umeitoa wapi?"

"Kaniachia yule fundi, mwanangu. Alisema imebaki. Kijana ana roho nzuri sana yule."

Nilikosa la kumjibu mzazi. Nikaifungua, nikamnunulia kamba ya katani, ya bluu nikaiweka kwenye begi. Ni robo ya waya wote.

Wanaojua umeme hapa wameshashika kichwa. Kwa wengine nieleze, maana duka na fundi wote wananijibu "si kimebaki tu kipande?" Waya ule urefu wake umepigiwa hesabu kiwandani. Wati 600 kwenye volti 230 maana yake ukipima ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme, unapata kama omu 88, na namba imeandikwa kwenye lebo ya waya. Ukikata robo zinabaki 66. Ukinzani ukipungua umeme unaopita unaongezeka, mkeka unavuta wati 800, na hizo 800 zinatokea kwenye mita tatu badala ya nne. Gawanyeni wenyewe: wati 267 kwa mita, wakati kiwanda kimesema 150. Kwa hiyo jamaa kapunguza mkeka akaongeza moto. Na chini hakuweka zile mbao za povu gumu za kuzuia joto lisizame kwenye zege la chini. Ziko stoo, kuku wanalalia.

Ndani ya waya ule kuna nyaya mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, zinakutana kwenye kile kifundo cha mwisho kilichozibwa kiwandani maji yasiingie. Kifundo kikawa kinaanika khanga. Kwa hiyo fundi akamenya nyaya zake, akazisokota pamoja, akazungushia tepu nyeusi, akazifukia kwenye saruji mbichi. Bafuni, chini ya shawa.

Halafu kuna ethi. Waya unakuja na ncha tatu, ya tatu ni msuko wa chuma unaouzunguka waya mzima ili umeme ukivuja uwe na pa kwenda. Kaukata, kaukunjia ukutani. Nilipomuuliza akanijibu, "Bosi, hiyo haina kazi, umeme unatembea na nyaya mbili tu." Huyu ndiye aliyefunga mahoteli.

RCD, kile kifaa cha kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30, nilinunua mwenyewe kwa pesa yangu. Nimeikuta kwenye boksi lake. Kwa nini? "Ilikuwa inakatakata bosi, ikawa inatusumbua." INAKATAKATA! Wewe umefukia nyaya zilizomenywa kwenye saruji ya maji, kifaa kinakwambia umeme unavuja, unakitoa kifaa! Themostati, kile kidhibiti joto, nayo kaikuta inaandika eraa, kwa sababu sensa yake inayopaswa kulazwa sakafuni kwenye kibomba chake hakuilaza, akaona isiwe taabu, akaunga mkeka moja kwa moja kwenye swichi ya kawaida. Swichi yenyewe iko ndani ya bafu, unaifikia ukiwa umesimama kwenye shawa.

Sasa bi mkubwa ananipigia simu jioni moja, sauti imechangamka: "Mwanangu, sakafu yenu ina moto mzuri, ila inatekenya." Nikauliza inatekenya vipi. "Ukishika koki ndiyo inatekenya. Nadhani ndiyo inavyofanya kazi, inatibu damu."

Wakuu, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikamwambia vaa viatu, usiguse chochote chenye maji, mwite kijana wa jirani azime breka kule kwenye meni swichi. Saketi breka ya ampea 16 haioni uvujaji kama ule. Mtu anaweza kufa amesimama bafuni na breka imekaa kimya, kwa sababu yenyewe inasubiri umeme mwingi upite, na moyo wa binadamu hauhitaji mwingi. Ndiyo maana kuna RCD. Iliyokuwa kwenye boksi.

LUKU sitaki hata kuisema sana. Bila themostati mkeka haujui kupumzika, na mama hakuzima maana aliambiwa "iache tu mama, inajiendesha." Wati 800 saa 24 ni uniti 19.2. Kwa shilingi 356 kila uniti ni karibu elfu saba kila siku. Yeye alikuwa kwenye tarifu ya chini, ile ya wasiozidisha uniti 75 kwa mwezi. Kwa mkeka ule 75 zinaisha hata siku nne hazijatimia. Ungefungwa sawasawa, saa mbili kwa siku, ni uniti 36 kwa mwezi na mazungumzo yameisha.

Marumaru zenyewe ukizigonga nusu zinalia tupu, kwa sababu kapandikiza kwa saruji ya kawaida badala ya gundi ya kunyumbuka niliyompa, na jioni ileile akawasha moto "tujaribu". Maji ya kuoga yanakwenda mlangoni. Hayo nayaacha.

Nikampigia. Jibu la kwanza: volti ya mlimani ni ndogo, ndiyo maana inasumbua. Jibu la pili: atakuja apake silikoni kwenye maungio ya marumaru. Nikamtumia picha ya kamba ya nguo. Tangu hapo simu yangu haipokelewi, na WhatsApp picha yake imetoweka.

Nikaenda dukani. Waungwana wale, viyoyozi vinapuliza, wakaniomba kadi ya waranti. Nikaitoa. Kadi ina sehemu tatu za kujaza: ukinzani kabla ya kutandika, baada ya kutandika, na baada ya marumaru kukaa. Kila sehemu inataka omu za waya, na kipimo cha mega, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja, kati ya waya na ule msuko wa ethi. Zote nyeupe. "Kaka, kadi haijajazwa, waranti haipo." Nikawaambia fundi mmeniletea nyinyi. "Sisi tulikupa namba tu."

Hapa ndipo damu inaponichemka, hata kuliko kwenye lile koleo. Kitu kinachofukiwa chini ya marumaru hakina shahidi mwingine zaidi ya kipimo. Ukishamwaga gundi huwezi kufunua uone. Maltimita ya kawaida, dakika moja, ingesema 66 badala ya 88 na kila mtu angejua palepale, gundi ikiwa bado kwenye ndoo. Mega ingesema tepu inavuja. Duka linauza mkeka wa bei ile, linajua waranti inasimama juu ya vipimo vitatu, halafu linamtuma mtu ambaye kipimo chake pekee ni tesita ya bisibisi mfukoni. Nilimuuliza meneja kama dukani kwake kuna mega. Akaniuliza mega ya nini. Leseni ya fundi wao, ile ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji? "Tutaifuatilia."

NYONGEZA baada ya kusoma majibu:

Mnaosema ningesimamia mwenyewe: nimelipa fundi, sikulipa niwe nyapara. Kama kila anayejenga lazima ajue omu na miliampea, basi hela ya ufundi tugawane.

Mnaosema ni anasa, Mwafrika gani anapasha sakafu: Wakorea wamelala juu ya sakafu za moto karne na karne na hawakuomba kibali kwa mtu. Mama yangu ana magoti mabovu na anaishi mlimani. Basi.

Mkuu aliyeuliza kama inawezekana kuunga bila kubomoa: waya ukikatika mahali pamoja, inawezekana. Anatafutwa mtu mwenye kamera ya joto au kifaa cha kutafuta hitilafu, marumaru moja inatolewa, unaungwa kwa kifundo maalumu cha kiwandani, si tepu. Hapa haisaidii, kwa sababu kilichobaki chini ni kifupi, kitaendelea kuvuta wati 800 hata ukikiunga kwa dhahabu. Ni kubomoa, kutoa mkeka wote, na kununua mwingine.

Aliyesema nimuache na Mungu wake: Mungu wake atamkuta Mahakama ya Mwanzo.

Kwa sasa mkeka umeng'olewa kwenye umeme kabisa, nyaya zimefungwa, RCD imekaa mahali pake, na bi mkubwa anaoga amevaa kandambili huku akilalamika kwamba nimemnyima tiba.

Ninachotafuta ni hiki. Fundi umeme mwenye leseni, aliye Lushoto, Mombo, Korogwe au hata huku mjini, mwenye mega yake mwenyewe, aende akapime kile kilicho chini kabla hatujabomoa, aandike omu alizopata, hali ya ethi, na alivyokuta kwenye meni swichi, asaini na namba ya leseni yake. Nikishapata karatasi hiyo, duka na fundi wao nitawapelekea nakala moja moja. Nauli, chakula na malipo juu yangu, njoo inbox na picha ya mega na leseni. Fundi maiko, yaani wababaishaji, msinisumbue, na mwenye duka kama uko humu, kile kipande cha waya hakiuzwi.